Inveta Iliyogoma Barabarani

Jambo la kwanza nililofundishwa katika ufundi wa umeme wa magari ni kukaa. Sikupewa spana wala bisibisi. Mwalimu wangu, Mzee Mbaruku, alinielekeza kwenye kiti cha abiria cha lori bovu pale gerejini Malindi, akaniambia, "Kaa hapo." Nilikuwa nimetoka sekondari juzi tu, cheti nimekikunja ndani ya mfuko wa shati nikidhani kitaombwa. Hakikuombwa. Nikakaa. Jua likapanda, plastiki ya kiti ikaniunguza mapaja, na huko nje nikamsikia mbuzi akilia bila kuchoka.

Adhuhuri Mzee Mbaruku akarudi. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee. Ila huyo mbuzi apewe maji, ana kiu."

Alicheka hata akashika mlango asianguke. Hakukuwa na mbuzi. Ilikuwa honi. Waya wake ulipita chini ya kiti, na mtu akikaa, springi iliukandamiza hadi ukagusa chuma, na ile betri iliyochoka ikatoa sauti ya mnyama. Mafundi waliotangulia walilichunguza lori hilo wakiwa wamesimama, na wao wakiwa wamesimama halikuwa na tatizo lolote. Asubuhi nzima hitilafu ilikuwa mimi.

"Kabla hujafungua boneti," alisema Mzee Mbaruku, "kaa anapokaa mwenye shida. Na ukae kama anavyokaa yeye."

Nimeacha kazi mapema kuliko walio wengi. Mimi sijafika uzeeni, lakini mgongo wangu ulishafika na unanisubiri huko. Ninyi vijana mliobaki gerejini mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Nani alinipandisha cheo na lini, hayo hayatawasaidia kuwasha gari. Nitawaandikia juu ya lori la Bwana Bakari, kwa sababu hadi leo sijapata kazi iliyonifanya nijione mjinga kwa muda mrefu kiasi kile.

Kabla ya hapo nilihamahama. Nilitoka Malindi nikaenda Kilifi, nikatoka Kilifi nikaenda Rabai kwetu, nikachoka na Rabai nikarudi Malindi. Kila nilipozoea mahali, miguu ilianza kuniwasha. Nilibeba vitu vichache: taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye nyaya mbili, na kisu cha kukwangua rangi. Pia kopo la mafuta ya kujipaka. Mengine niliyapaka vichwa vya betri visiote kutu, mengine nilijipaka uso. Kopo lilikuwa moja na sikuona haja ya la pili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Bwana Bakari alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya visiwa vya kaskazini, mtu mpole asiyependa kusema. Mkewe, Bi Rukia, alisema kwa niaba ya wote wawili. Lori lao lilitoka Malindi na sukari na mafuta ya taa, likapita Magarini hadi Marafa, likarudi na mahindi na maembe. Dereva alikuwa Karisa, Mgiriama wa huko huko bara ya Malindi, aliyeliendesha tangu lilipokuja likiwa na rangi yake ya kwanza. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuwahi kuitafuta.

Bi Rukia alitengeneza barafu za ukwaju katika mifuko midogo ya nailoni, na mjini zilisifiwa. Siku moja akawaza kwamba huko Marafa kuna joto, kuna watu, na hakuna stima. Kwa hiyo akaamua kwamba lori la mumewe litakuwa na friji.

Akatafuta hadi akapata inveta. Ni sanduku la chuma linalochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa nyumbani. Ilitolewa kwenye boti ya Mzungu mmoja pale Kilifi, na hakuna aliyejua Mzungu mwenyewe alikuwa wapi. Bwana Bakari akaniletea ikiwa imefungwa kwa shuka, kama mgonjwa.

"Hiki kitu chala nini?" aliuliza. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyomsikia akisema mwezi ule.

Niliifunga vizuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Betri za lori ni mbili, zimeunganishwa zitoe volti ishirini na nne, na inveta yenyewe ilitaka ishirini na nne. Wapo wanaochukua umeme kwenye betri moja tu, halafu wanashangaa moja inachemka na nyingine inakufa. Nilichukua zote. Nilitumia waya mnene, fyuzi nikaiweka karibu na betri, na ule waya wa kwenda kwenye chasisi niliukwangulia rangi hadi chuma kikang'aa. Sanduku nililisimamisha nyuma ya kiti cha abiria juu ya kipande cha mpira, mapezi yake yakiangalia juu. Mapezi ni zile mbavu za chuma zinazotoa joto nje. Friji ndogo tuliifunga kwa kamba nyuma, karibu na kichwa cha lori.

Nilipowasha, friji ikanguruma. Watu wakajaa. Mzee mmoja wa mtaani akalizunguka lori lote, kisha akamuuliza Bwana Bakari kama sasa bili ya stima italetwa nyumbani au itamfuata Karisa njiani.

Safari ya kwanza, barafu zilifika Marafa zikiwa maji.

Karisa akaja gerejini siku iliyofuata. Alikuwa mtu wa unadhifu uliopita kiasi. Katika vumbi lile lote suruali yake ilikuwa na mstari ulionyooka kutoka kiunoni hadi kiatuni.

"Fundi, imezima njiani. Baada ya Mambrui taa yake imekufa. Nimefika Marafa nimeuza sharubati."

Nikaiwasha. Ikawaka. Nikaiacha inanguruma nusu siku nzima, na friji ikagandisha maji ya chai yangu. Nikakaza vichwa vya betri, nikamruhusu aende. Safari ya pili, maji. Nikabadilisha fyuzi. Safari ya tatu, maji. Nikabadilisha waya, nikakaza mkanda wa altaneta inayochaji betri, nikakwangua chasisi upya. Nikavaa ovaroli langu, nikapanda na Karisa hadi Mambrui, hadi Magarini na kurudi. Inveta haikukohoa hata mara moja. Safari iliyofuata, nisipokuwepo, maji.

"Inakuogopa," alisema Karisa kwa huzuni. "Ikikuona inajiweka sawa."

Nilikaribia kumwamini.

Bi Rukia alikuwa na maelezo yake. Aliniita nyumbani. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniketisha sebuleni. Ilikuwa sebule ya heshima. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, friji kubwa ilikuwa na chake, hata jagi la maji lilikuwa na chake chenye shanga pembeni. Aliniletea chai, na chini ya kikombe pia palikuwa na kitambaa.

"Mwanangu fundi," alisema, "wewe hujui watu. Mimi nawajua. Hebu itazame suruali ya Karisa."

"Nimeiona, mama."

"Mtu ashinda barabarani na vumbi la Marafa, huko kwake hakuna stima, na bado ana mstari kama wa bwana arusi. Ule mstari watoka wapi?"

Nikanywa chai kidogo.

"Ana pasi ya umeme ndani ya lori," alisema Bi Rukia. "Akifika mbele aegesha, achomeka pasi yake, anyoosha nguo zake. Umeme wangu waishia kwenye suruali, na barafu zangu zawa maji."

Bwana Bakari aliangalia dari.

"Jumatatu lori laenda Marafa," akaendelea. "Barafu zikifika maji tena, Karisa aje aweke ufunguo hapa mezani aende zake. Nimesema."

Nikamfuata Karisa alikopanga chumba. Nikamwambia anachoshukiwa. Hakukasirika. Alitikisa kichwa tu, akainua godoro. Chini yake zililala suruali nyingine na mashati mawili, yamepangwa katikati ya magazeti.

"Pasi yangu ni hii," alisema. "Nalala juu yake. Nikigeuka sana usiku, asubuhi mstari unakuwa miwili, inabidi nilale chali. Mimi tangu nianze kazi kwa watu hawa sijalala ubavu, fundi. Mulungu anaona."

Nilimpelekea Bi Rukia habari ile. "Godoro?" alisema. "Godoro linyooshe mstari ule?" Akacheka kicheko cha kunihurumia.

Basi nikafanya jambo nililodhani ni la busara. Nililiegesha lori uani kwake, nikaomba pasi yake mwenyewe, nikaichomeka kwenye inveta mbele ya macho yake. Pasi inakula umeme mara nyingi kuliko friji ile ndogo. Fyuzi ikalipuka papo hapo, inveta ikazima, pasi ikabaki baridi kama jiwe.

"Unaona, mama," nikasema. "Pasi haiwezi kunyoosha hata leso kwa mashine hii. Inazima pale pale."

Bi Rukia alimgeukia mumewe kwa ushindi. "Umesikia? Basi hivyo ndivyo anavyoizima!"

Nikakusanya vyombo vyangu nikaondoka. Kuna ushahidi ambao ukiutoa, unamfunga yule uliyekuja kumtetea.

Jumatatu yenyewe sikuweza kumsindikiza Karisa. Jamaa yetu alikuwa amefariki huko Magarini na ilinibidi niende matanga. Nilipomwambia, Karisa alisema, "Basi matanga yako na yangu ni siku moja." Nikaoga, nikasugua mikono kwa sabuni na mchanga hadi kucha zikawa nyeupe, nikavaa shati jeupe, nikapanda basi la asubuhi. Basi likafa kabla ya daraja la Sabaki. Nililiangalia likitoa moshi, nikajua ugonjwa wake, na kwa ajili ya lile shati nikanyamaza.

Lori la Bwana Bakari likatokea nyuma. Karisa akasimama. Sikuwa na kisanduku cha vyombo, sikuwa na ovaroli. Nilipanda kama abiria yeyote, nikakaa, nikaweka mikono yangu misafi magotini.

Tulivuka daraja. Nyuma yangu inveta ilinguruma kwa ile sauti yake ndogo ya nyuki. Tulipopita Mambrui, nyuki wakanyamaza.

"Ndiyo hiyo," alisema Karisa, macho yakiwa barabarani. "Kwaheri lori."

Nikageuka. Badala ya sanduku la chuma nikaona maua. Maua mekundu na majani ya kijani, yametariziwa juu ya kitambaa kizito cheupe, chenye shanga kuzunguka pindo, kimeivika inveta kutoka juu hadi chini kama biarusi.

"Karisa, hiki ni nini?"

"Kitambaa."

"Naona ni kitambaa. Kinafanya nini hapo?"

"Cha Bi Rukia. Alikishona mwenyewe kwa ajili ya mashine yake. Kila safari huja uani akakitandaza kwa mkono wake, ndipo niondoke."

"Mbona mimi sijapata kukiona?"

Karisa alinitazama kama mtu anayeogopa kumkosea mwenzake adabu. "Nikija kwako, au ukipanda nami na ovaroli lako, nakitoa, nakiweka kwenye mfuko wa nailoni. Bi Rukia amekataza. Amesema fundi ni mtu mzuri lakini mikono ile isiguse kitambaa. Leo nimekuona uko msafi, nikakiacha."

Niliingiza nyuma ya kiganja changu chini ya maua. Ngozi ya nyuma ya kiganja huhisi joto upesi, na ukiungua, mkono unarudi wenyewe. Wangu ulirudi haraka sana. Inveta ilikuwa moto kama chungu jikoni. Ndani yake kuna swichi inayojizima joto likizidi, na ikipoa inajiwasha yenyewe. Barabarani ilivikwa ikazima. Gerejini ilivuliwa ikawaka. Mimi nilikuwa nimeitibu mashine miezi ile yote ikiwa uchi.

"Simama," nikamwambia.

Tukavua kitambaa, tukafungua milango yote miwili, upepo ukapita. Tukangoja. Karisa alisimama barabarani amekikumbatia kitambaa kifuani kisishike vumbi. Baada ya muda sanduku likafanya *tik*, taa ikawaka, na kule nyuma friji ikaanza kunguruma. Karisa alivua kofia yake.

Matanga sikuyafikia hadi jioni. Marehemu hakuwa na haraka, na sikutaka kushuka njiani kabla ya kuona mwisho. Tulifika Marafa na barafu ngumu, zinazogongana kama kokoto. Mwenye duka akachukua moja, akaiuma, akaitoa mdomoni, akaitazama.

"Nyie, leo mmeleta mawe?"

"Ndiyo barafu hiyo," alisema Karisa kwa fahari.

"Watu wangu wamezoea ile ya kunywa. Huyu mzee hapa hana meno, ataifanya nini?" Yule mzee asiye na meno akakubali kwamba hana. Ikabidi tuzipange juu ya boneti la moto ziyeyuke, na watu wakasubiri na vikombe. Karisa alizitazama zikiyeyuka kwa uso wa mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua baada ya kuokolewa. Lakini zile walizobakiza, tulirudi nazo zikiwa zimeganda. Hizo ndizo zilizokuwa ushahidi wetu.

Njiani kurudi Karisa alipata hofu mpya. "Fundi, usimwambie. Kwa pasi alitaka kunifukuza. Ukimwambia kosa ni la kitambaa chake, na sisi wawili tumesimama pale tunamtazama, atanifukuza kweli."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Nimewahi kuwaambia watu kwamba magari yao yamekufa, wakanishukuru. Kumwambia mtu kwamba gari ameliua yeye, na kwa mapenzi, ni kazi nyingine kabisa. Nilifikiri hadi Malindi, nikakosa maneno. Nikakumbuka kiti cha lori na mbuzi asiyekuwepo. Mzee Mbaruku naye hakunieleza. Aliniweka tu pale penye hitilafu.

Asubuhi yake tuliingiza lori uani. Karisa alikuwa amenyooka toka kola hadi kiatu, ufunguo ameushika mkononi. Bi Rukia alitoka na Bwana Bakari nyuma yake. Nikamwomba aivishe mashine yake kama kawaida. Akaivisha, akanyoosha pindo, akarudi nyuma kidogo kuitazama. Kwa kweli ilipendeza. Nikawasha. Nikaomba chai, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuwafanya watu wasubiri. Tukanywa pale pale uani, tukaulizana habari za nyumbani, tukaulizana tena. Inveta ikazima.

"Mama," nikasema, "tafadhali weka nyuma ya mkono wako chini ya kitambaa."

Aliuweka. Akauondoa upesi. Kisha akauweka tena polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Aliinua pindo la kitambaa, akaangalia mapezi, akakishusha, akakiinua tena. Bwana Bakari aliangalia angani, maana uani hakuna dari.

"Kwa hiyo chataka hewa," alisema Bi Rukia.

"Ndiyo, mama."

"Na nyinyi wanaume wazima, muda wote huu, hakuna aliyeniambia."

"Hatukujua, mama."

"Hamkujua." Alikivua kitambaa, akakikung'uta mara mbili, akakikunjua mbele ya jua. Pale kilipokaa juu ya mapezi palikuwa na makunyanzi yaliyopikwa na joto, na waridi moja lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Tulisubiri hukumu. Karisa alinyoosha mkono wenye ufunguo.

Bi Rukia akauangalia ule mkono, kisha akaweka juu yake kitambaa.

"Karisa."

"Naam, mama."

"Nenda nacho kwako. Kilaze chini ya hilo godoro lako. Unirudishie kimenyooka."

Karisa alifunika kitambaa na ufunguo kwa mkono wa pili, akainama, akaondoka navyo vyote viwili. Safari iliyofuata inveta ilikwenda bila nguo, na baadaye ikashonewa kofia ya kufuma yenye matundu makubwa ambayo ngumi yangu ilipita. Niliipima kwa nyuma ya kiganja, nikaikubali.

Siku hizi huwa napanda malori ya watu bila shughuli yoyote, hadi Ngomeni, hadi Rabai, kwenye kiti cha abiria, mikono misafi. Madereva hudhani ninakwenda mahali.

Nilikuwepo pia siku Karisa alipokirudisha kile kitambaa. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, na kila mkunjo ulikuwa na makali. Bi Rukia alikikunjua juu ya redio, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja hadi mwisho, akaupitisha tena kutoka mwisho hadi mwanzo.

"Hilo godoro lako," aliuliza, "ni la usufi au la pamba?"

"La usufi, mama."

Bi Rukia akamgeukia mumewe. "Umesikia?" alisema. "Na sisi tununue la usufi."